Bakuli la Buluu la Bibi Kima

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mmeitikia kinyonge kama watu wasiokula. Paukwa!

"Pakawaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, kwenye magofu ya mji uliohamwa na watu, walikaa Bibi Kima na Paa mdogo. Paa hakumjua mama yake. Bibi Kima ndiye aliyemlea, akamlisha, akamkuna masikio mpaka akalala.

Watu walipohama waliacha bakuli moja kidakani, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vyombo vya fahari. Bakuli la Kiingereza, la kale, limepigwa chapa ya buluu. Ndani yake mna mto wa buluu, miti ya buluu isiyo na nazi wala embe, na paa jike wa buluu ananyonyesha mwanawe.

"Mama yako alikuwa hivyo hivyo," Bibi Kima alimwambia. "Shingo ile, macho yale."

Basi tena! Kila asubuhi Paa hulitazama bakuli. Hutazama, hutazama, mpaka moyo ukamjaa.

Ukaja mwaka wa jua kali. Bibi Kima akashikwa na homa, hawezi kunyanyuka. Kisima kiko mbali, na kata yao ya maji imepasuka. Paa akaleta maji kwa jani. To, to, to, yote yakamwagika njiani.

"Mjukuu wangu, chukua bakuli," Bibi akasema. "Koo limenikauka."

"Likivunjika je, Bibi?"

"Likivunjika, basi limevunjika."

Paa akamtazama mama wa buluu. Hakuweza. "Ngoja, Bibi, nikatafute kifuu cha nazi."

Akaenda mbio, tifu tifu tifu. Akatafuta huku, akatafuta kule. Jua lilishapinduka alipokipata. Akateka maji, akarudi polepole yasimwagike.

"Bibi, maji haya. Amka unywe."

Bibi Kima alikuwa ameshakufa, midomo mikavu.

Paa akalia, jamani, akalia. Kesho yake akalitazama bakuli. Zima, halina hata ufa. Mama yupo, mto upo. Akamtafuta Bibi Kima humo, akaligeuza na kuligeuza. Bibi hakuwamo. Mikono iliyomlea haikuchorwa popote, na hiyo ndiyo aliyoililia mpaka uzeeni.

Funzo ni hili: mkumbuke aliyekwenda, lakini kwanza mpe maji aliye hai.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, nani amempelekea bibi yake maji leo?