Mabibi wa Miaka Tisini na Tisa

Hakuna kijana aliyeijua kompyuta kama Umeme. Data kwake ilikuwa kama uji: aliimeza bila kutafuna. Binamu yake, waliyeketi naye chumba kimoja katika ofisi ya takwimu ya hospitali, alikagua kila safu kabla ya kuchora chochote, ndiyo maana Umeme akambandika jina la Kobe.

"Ukishahamisha data, hesabu kwanza kila umri umejitokeza mara ngapi," binamu alimshauri asubuhi ile.

"Dada Kobe, nikikufuata wewe nitachora chati nikiwa na mvi."

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Mkunga mkuu alikuwa akiomba wodi ya wasichana wanaojifungua wakiwa bado watoto, na bodi ya hospitali ilikuwa inakutana mchana huo. Bila chati ya umri wao, ombi lingekwenda na maji. Umeme akaitoa data kwenye lahajedwali, akaiingiza kwenye programu ya takwimu, akabofya. Chati ikachomoza, rangi tele kama tausi.

Mkunga, aliyekuja kuichukua, akavaa miwani, akainama.

"Mwanangu, hii nguzo ndefu kuliko zote ni ya miaka tisini na tisa. Mabibi hawa niliwazalisha lini?"

Umeme alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Wodini, mama ambaye umri wake haukujulikana huandikiwa 99, na programu, isiyoambiwa kitu, iliamini. Akageukia meza ya pili.

"Dada yangu..."

"Kobe kaenda wapi leo?" binamu aliuliza, lakini kiti alikuwa ameshakivuta. Akaiambia programu kwamba 99 ni pengo, si umri, akahesabu, ndipo akachora. Mabibi wakatoweka, nguzo ya wasichana ikasimama juu ya zote. Bodi ilipoiona, wodi ikakubaliwa.

Umeme alimshukuru binamu yake papo hapo, mbele ya watu, kwa moyo mkunjufu.

"Papo hapo?" binamu yangu ameuliza sasa hivi, akisoma nyuma ya bega langu. "Si ulijificha stoo, mpaka mkunga akaja kukutoa?"

Basi asante, dada, ingawa imechelewa. Kila nipitapo wodi ile na kusikia vichanga vikilia, nakukumbuka wewe, na nakumbuka kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo.