Mwenye Shimo la Mwezini

Nitegeeni sikio, wanangu, na kwanza fungeni mlango.

Bisura alipanda moshi wa jiko lao mpaka mwezini, kumfuata kaka yake Makame aliyepanda juzi asirudi. Akamkuta ukingoni mwa shimo pana kuliko mji, katikati ya vumbi jeupe, miguu imekufa ganzi kwa hofu.

“Humu mna zimwi,” Makame alinong'ona. “Halitoki mpaka likaribishwe. Likipiga hodi, usiitikie!”

“Hodi!” sauti ikanguruma shimoni. Bisura akauma ulimi, akamburuta kaka yake.

“Hodi!” Walikuwa wanateremka kwenye moshi. Jibu lilimfika Bisura kooni, akalimeza.

Walipofika nyumbani wakatia komeo. “Hodi!” Sauti ilishuka kutoka juu, safari hii ya upole kama ya jirani. Bisura akamziba Makame mdomo. Lakini mama yao alikuwa jikoni anasonga ugali, na hakuna aliyemwambia kitu.

“Karibu, karibu ndani!” mama akaitikia kwa furaha. “Umekuja wakati mzuri, chakula tayari.”

Basi, mkiutazama mwezi mtaliona lile shimo. Msiliogope, wanangu. Mwenyewe hayumo tena.