Pimbi Alivyowafundisha Wakubwa Kiingereza

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na milango, masufuria na majirani wa kuwasema, palikuwa na Pimbi mmoja. Mnamjua pimbi? Mbona mnaitikia kwa vichwa wote? Haya, wengine wenu mnamjua kama Kifaru alivyojua Kiingereza. Tutafika huko.

Pimbi ni mnyama mdogo, mnene kiasi, hana pembe, na mkia wake ni wa kuutafuta. Huyu wetu alikuwa mjane mwenye watoto watano. Alikaa kwenye pango la mawe alilorithi kwa bibi yake, pango kubwa, kavu, lenye ukumbi mbele na jiko nyuma. Mlango wake ulipitisha mnyama mmoja mmoja, hata awe mnene vipi.

Nchi ile ilikuwa na sheria moja ya nyumba, na kila mnyama aliifuata. Tone la kwanza la masika likidondoka, aliyemo ndani ndiye mwenye nyumba mpaka mvua ziishe. Aliye nje hana la kusema, hata kama ana nguvu za kusukuma mlima.

Sasa Kifaru na Nyati, wale wakubwa wawili, kiangazi chote walikuwa wakigaagaa matopeni na kuambiana, "Tutajenga kesho." Kesho ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Ilipobaki wiki moja masika ianze, nyumba hawana, hata ukuta mmoja hawana.

Asubuhi moja Pimbi akasikia vishindo. Gidi! Gidi! Gidi! Sufuria likaanguka, kwaa!

"Hodi!" akafoka Kifaru, na pua yake tayari iko ukumbini.

"Karibu, Mjomba Kifaru. Karibu, Bwana Nyati. Na wewe Fisi, karibu," akasema Pimbi.

"Hatukuja kukaribishwa," akasema Nyati. "Pango hili ni kubwa mno kwako. Jumamosi tunahamia sisi."

"Na mimi," akasema Fisi kwa nyuma.

"Na huyu," akasema Kifaru. "Atalala pale karibu na takataka."

"Na wanangu je?" akauliza Pimbi. "Huyu Tatu ana kifua kibovu. Akilowa siku moja tu, nampoteza."

"Vichaka viko vingi," akajibu Nyati.

Pimbi aliogopa, nisiwadanganye. Apigane na Kifaru? Kwa kucha zipi? Lakini alipokuwa msichana, Pimbi huyu alikaa kwenye mawe nyuma ya shule, na miaka mitatu aliota jua dirishani mwa darasa la Kiingereza, akisikiliza kila somo. Tena alijua kwamba tangu Tembo arudi safarini akisema "halo, halo" kwa kila aliyemwona, wanyama wote walikuwa wamepagawa na lugha hiyo. Akavuta pumzi.

"Gud moning, jentlmen!" akasema. "Hau du yu du? Kam in! Sit daun! Fil at hom!"

Kifaru akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Fisi. Fisi akageuka nyuma, hakuona mtu wa kumtazama.

"Yes," akasema Kifaru.

"Yes, yes," akasema Nyati, maana hakutaka kupitwa.

"Yes, yes, yes, yes!" akamaliza Fisi.

Hapo ndipo Pimbi alipoujua ugonjwa wao. Wale walikuwa tayari kung'olewa pembe kuliko kusema "sijaelewa".

"Kumbe mnakijua!" akasema. "Basi nimefurahi. Maana atakayekaa kwenye pango kama hili, Tembo lazima atakuja kumjulia hali, na Tembo siku hizi hataki kusikia lugha nyingine. Lakini ninyi hamna shida. Kwaherini."

Kifaru akakohoa. "Tunakijua, ndiyo. Ila kimeshika kutu kidogo."

"Kutu tupu," akasema Fisi.

Nyati akamkanyaga. "Uwii!"

"Basi nitawanoa mimi," akasema Pimbi. "Siku sita, bure kabisa, kwenye kivuli cha jiwe lile. Na siku ya saba, Jumamosi, mlango huu mtaukuta wazi."

Wakakubali. Nani angekataa? Nyumba bure na Kiingereza bure!

Siku ya kwanza wakasoma salamu. "Ukiulizwa *hau a yu*," akasema Pimbi, "unajibu *fain, thenk yu*."

"Hata kama unaumwa?" akauliza Fisi.

"Hata kama unaumwa."

Nyati alikuwa amekanyaga mwiba mrefu kama kidole. Machozi yanamtoka, anaruka kwa miguu mitatu. "Bwana Nyati, hau a yu?" "Fain! Aaai! Thenk yu! Aaai!"

Siku ya pili wakasoma maneno yenye mikia. "*Giv* peke yake ni kutoa," akasema Pimbi. "*Giv ap* ni kukata tamaa. *Giv in* ni kukubali yaishe. *Giv awei* ni kugawa bure."

"Hilo la mwisho!" akadakia Fisi. "Rudia hilo la mwisho!"

"Lakini kwa nini neno moja walivalishe mikia mingi hivyo?" akanong'ona Kifaru.

"Ana swali Mjomba Kifaru?" akauliza Pimbi.

"Swali? Mimi? Nimeelewa zamani!"

Siku ya tatu wakasoma misemo. "Mvua ikiwa kubwa," akasema Pimbi, "Waingereza husema inanyesha paka na mbwa."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Mbwa? Kutoka juu?"

"Ni msemo tu, Fisi."

"Wanene?"

"Nimesema ni msemo!"

Lakini Fisi hakuwa anasikia tena. Jioni ile alionekana akisuka kapu.

Na kila somo lilipokwisha, Pimbi alisimama juu ya jiwe na kuuliza, "Eni kweschen? Kuna ambaye hajaelewa?"

"No, Ticha! Andastend, Ticha!" wakaitika wote, kwa sauti ya kuangusha ndege. Nyati na Kifaru walikuwa wanachungana. Kifaru alisema moyoni: nikiuliza, Nyati atanicheka. Nyati naye alisema hivyo hivyo. Fisi hakusema kitu moyoni, alikuwa anahesabu mbwa.

Siku ya sita, Ijumaa, Pimbi akasema, "Leo adabu za mlangoni. Mstaarabu akifika mlangoni na mwenzake, haingii kichwa kichwa kama ng'ombe."

Nyati akatazama chini.

"Husimama pembeni," Pimbi akaendelea, "huinamisha kichwa, husema *afta yu*. Yaani wewe kwanza, mimi nyuma yako. Na mwenzake naye husema *no, no, afta yu*. Anayejitupa ndani bila hayo huitwa mshamba, na habari zake hufika kwa Tembo."

"Afta yu!" akasema Kifaru, akainama mpaka pembe ikachimba ardhi.

"No, no, afta yu!" akasema Nyati, akakunja goti.

"Vizuri sana," akasema Pimbi. Kisha akawageukia tena, maana hakuwa mtu wa kupenda kudhulumu, hata waliomdhulumu. "Somo hili lina kipande kimebaki. Kidogo tu. Niwape?"

"Unatuona wajinga?" akang'aka Kifaru. "Tumeelewa!"

"Tumeelewa kabla hujasema," akasema Nyati.

"Eni kweschen?"

"NO, TICHA!"

"Haya," akasema Pimbi. Akashuka kwenye jiwe, akaenda zake kupika.

Jumamosi ikafika. Tangu alfajiri Pimbi alikuwa juu ya pango anatazama mbingu. Mawingu yalikuwapo, meusi, yamebeba maji, lakini hayakuwa na haraka. Tatu alikuwa anakohoa ndani, koho, koho, na kila kikohozi kilimchoma mama yake.

"Mama, tufunge mlango?" akauliza Tatu.

"Hapana, mwanangu. Tuufungue wote. Na kaeni kimya huko jikoni."

Gidi! Gidi! Gidi! Hao! Kifaru kabeba godoro la majani, Nyati kabeba mtungi, Fisi kabeba kapu lake tupu. Mlango u wazi kama walivyoahidiwa. Pimbi kasimama ndani na kitambaa begani.

"Welkam!" akasema. "Kam in!"

Kifaru akainua mguu wa kwanza. Kisha akakumbuka. Akaurudisha. Akasogea pembeni, akainama.

"Afta yu, Bwana Nyati."

"No, no. Afta yu, Mjomba Kifaru."

"No, no, no. Afta yu."

"Ala! Nimesema afta *yu*!"

Pimbi akapiga makofi. "Safi sana! Tembo angewaona!"

Basi hapo ndipo walipoharibika kabisa. Kifaru akainama zaidi, Nyati akalala kifudifudi. Jua likachungulia mawinguni, likapanda. Majani ya godoro yakaanza kuchoma mgongo. Mtungi ukawa mzito. Afta yu. No, afta yu. Kila mmoja alitaka kuingia kuliko kitu chochote duniani, na kila mmoja aliogopa kuitwa mshamba kuliko kitu chochote duniani.

"Unagiv ap?" akauliza Kifaru, jasho likimtiririka.

"Ai dont giv ap," akajibu Nyati, ulimi nje.

Sasa Fisi, mnajua Fisi hana haya. Alikuwa hajala tangu jana, na huko jikoni kulikuwa na harufu ya maharage. "Kwani lazima?" akasema. "Mlango si huu?" Akapita katikati yao, akaweka mguu mmoja ndani. Akaweka wa pili.

Moyo wa Pimbi ukaruka, pu! Hili hakulifikiria. Fisi akiwa ndani, pango lake lina mwenye nyumba mwingine mpaka kiangazi. Tatu akakohoa huko nyuma.

"WEWE!" akanguruma Kifaru.

"Mshamba mkubwa!" akapaza Nyati.

Wakamkamata mkia, mmoja huku, mmoja huku, wakamvuta, brrrr! Kucha zake zikaacha mistari sakafuni. Akatua nje, puu!

"Unatutia aibu mbele ya Ticha!" akasema Kifaru. "Sema vizuri!"

"Lakini nina njaa!"

"Sema!"

"Afta yu," akasema Fisi, karibu kulia.

"No, no," wakamjibu wale wawili kwa adabu. "Afta yu."

Pimbi akaegemea ukuta, akacheka bila sauti mpaka mbavu zikamuuma. Akatazama juu. Jua lilikuwa limezama tena mawinguni. Upepo ukavuma, vuuu, ukaleta harufu ya vumbi lililolowa.

Ndo!

Tone moja, nene, likaanguka juu ya pua ya Kifaru, likateleza mpaka mdomoni.

Ndo! Ndo! Kisha mbingu ikafunguka. Chwaaaa!

"Wajomba," akasema Pimbi, "masika hiyo. Nani yumo ndani?"

Kifaru akatazama miguu yake. Iko nje, yote minne. Nyati akatazama yake. Nje. Godoro la majani lilikuwa limeanza kuelea.

"Lakini Ticha," akasema Nyati, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo, "hao Waingereza wenyewe... huingiaje ndani?"

Wiki nzima, hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Swali zuri sana, Bwana Nyati!" akasema Pimbi. "Wa kwanza husema afta yu. Wa pili hukataa mara moja. Wa kwanza akirudia, wa pili husema thenk yu, akaingia. Basi. Mambo ya kufumba na kufumbua."

"Mbona hukutuambia?" akapiga kelele Kifaru.

"Kile ndicho kipande kilichobaki, Mjomba. Nikawauliza, niwape? Mkasema mmeelewa kabla sijasema."

Kifaru akafungua mdomo kubisha, mvua ikamjaa mdomoni, akaufunga. Nyati akamtazama Kifaru. "Mimi sikuelewa tangu siku ya kwanza," akasema.

"Hata mimi," akasema Kifaru. "Nilidhani wewe unaelewa!"

"Mimi nilidhani *wewe*!"

Wakasimama wanatazamana, maji yanawachuruzika puani. Fisi alikuwa hana habari nao. Alikuwa katikati ya uwanja, kapu juu ya kichwa, mdomo wazi, macho mbinguni.

"Bado," akasema. "Bado ni maji tu. Paka watatangulia, mbwa watafuata."

Pimbi akaanza kuusukuma mlango taratibu. Nyuma yake jiko lilikuwa linawaka, na Tatu kalala mkavu, hakohoi.

"Gud bai, jentlmen!" akasema. "Si yu leita! Kiangazi kikija, njooni tuanze kitabu cha pili. Na leo je, hau a yu?"

Na wale wakubwa wawili, walivyozoea, wakanyoosha shingo kwenye mvua na kuitika kwa pamoja:

"Fain, thenk yu, Ticha!"

Hadithi yangu imefika mlangoni, na mimi naingia ndani kwanza, sisubiri mtu. Ninyi shikeni hili: usipoelewa, uliza, hata kama una pembe.