Atakayenifungulia Mlango Huu

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali, na sipendi kumwuliza mtu anayekoroma.

Pale Tabora, mtaa wa Isevya, alikuwapo mjane mmoja, Bi Kalunde. Alikuwa na pumu, alikuwa na nyumba moja nzuri ya matofali ya kuchoma, na alikuwa na watoto watatu wakubwa waliokuwa wakiishi naye humo humo. Mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: akisema, amesema. Aliwahi kumwahidi jirani jogoo kwa utani tu. Kesho yake jogoo akapelekwa, miguu imefungwa, na jirani mwenyewe alikuwa keshasahau.

Watoto wake kila mmoja alikuwa na lake. Mihayo, mkubwa, alikuwa hodari wa kuchagua. Hata akitaka sufuria atazunguka soko zima, aigonge, aipime uzito mkononi, aulize mfuniko ukipotea utapatikana wapi.

Nyamizi, wa kati, alikuwa mtu wa kesho. Ndoo zake za maji zilijaa hata siku bomba linatoa maji.

Na Kapela, wa mwisho, alikuwa na mkono. Kitu kilichoharibika akikishika kinatulia, ila haraka hana. Wenzake walikuwa wanachoka kumtazama tu.

Sasa nyumba ikishapata umri inaanza kudai. Leo rafu, kesho bawaba, keshokutwa pazia limeanguka na ukuta wake. Drili ya kwanza aliinunua Bi Kalunde mwenyewe, ya betri, kwa machinga aliyepita mlangoni na maneno mengi. Tundu la kwanza ilitoboa. La pili ikatoa moshi. Fundi akaigeuza geuza, akauliza spea zake zinatoka wapi, na hakuna aliyejua.

"Basi hii niachieni mimi," alisema Mihayo.

Akaanza safari zake. Duka hili hadi lile, fundi huyu hadi yule, akiwauliza wanaoshinda na drili mkononi, siyo wanaoziuza. Alitaka mota isiyotumia brashi, kwa sababu brashi huisha. Alitaka taya zinazobana biti, ile ncha ya kutobolea, ziwe za chuma, si plastiki. Alitaka dhamana yenye mhuri wa duka la hapo hapo mjini, asije akaambiwa apande basi kwenda kulalamika mbali. Mwisho akaipata, na bei ikamkalia vizuri, akarudi nyumbani anatembea kama bwana harusi.

Wakafungua boksi. Mashine imo. Betri hamna, chaja hamna. Kumbe kampuni ile huuza mashine peke yake kwa watu ambao betri wanazo tayari, na boksini imeandikwa hivyo, ila Mihayo alisoma yote isipokuwa hilo.

Bi Kalunde alicheka mpaka akaitafuta pampu yake ya pumu. "Mihayo, baba, muda wote huo unachagua, umetuletea mpini."

Nyamizi hakucheka. Aliibeba mashine mpaka dukani, akaijaribishia betri moja moja. Ndogo ya bei rahisi alishawishiwa, akaikataa. Akachukua kubwa, na chaja yake, ya kampuni ile ile. "Kesho tukitaka feni au taa ya hawa hawa, betri ni hii hii," alisema. Tangu hapo akawa askari wake. Isiachwe juani. Isiachwe ikaisha kabisa. Ikitumika, irudi kwake. Kaka yake akamwita mama betri, naye akaitika.

Kapela alipokabidhiwa mashine aliuliza kitu kimoja, biti ziko wapi. Wakamwonyesha pakiti kubwa iliyokuja na drili ya machinga. Akaitazama, akairudisha. "Hizi zinatoboa sabuni," alisema. Akaenda kununua chache tu, za chuma kigumu, na kichupa cha mafuta. Mama yake aliona ni israfu, akamwambia hivyo.

Nyumba ile ilikuwa na stoo. Marehemu mumewe Bi Kalunde aliwahi kuibiwa mahindi, na hasira zake zote alizimalizia kwenye mlango wa stoo hiyo. Ubao wa mninga, juu yake bati la chuma, bawaba zimechomelewa, unafungukia nje. Dirisha hakuweka.

Alasiri moja mvua inakuja, Bi Kalunde aliingia humo kutia mahindi dawa ya wadudu. Upepo ukaubamiza mlango. Akashika kishikio cha kitasa, kikazunguka bure. Akazungusha tena. Vumbi la dawa lilikuwa limetimka, na kifua kikaanza kubana. Pampu yake ilikuwa sebuleni, juu ya redio.

Akagonga. Watoto wakaja, kishikio cha nje nacho kikazunguka bure. Mihayo akasahau kwamba mlango unafungukia nje, akausukuma kwa bega, akaumia bega. Wakataka kumpitishia pampu chini ya mlango, lakini kizingiti hakikuacha upenyo hata wa karatasi. Jirani fundi wa kuchomelea akaja mbio na mashine yake ya kukatia chuma, na mvua ikawa imeshakata umeme. Akabaki ameshika waya mkononi.

Bi Kalunde aliwasikia wote. Aliogopa, aliogopa sana, kifo alikiona kimekaa kwenye magunia pamoja naye. Akakusanya pumzi iliyobaki na akasema kwa nguvu, hata jirani alisikia:

"Atakayenifungulia mlango huu, nyumba hii ni yake."

Mihayo alikimbilia mashine. Nyamizi alikimbilia betri. Kapela alikuwa na biti mfukoni. Vikaunganishwa pale pale barazani, mvua inawapiga.

Mashine iliingia kwenye chuma cha kitasa bila kuunguruma vibaya wala kutoa harufu. Betri ilivuta, ikavuta, na kazi ilikuwa ndefu. Kapela alitoboa polepole, anatia mafuta, anapumzisha, anatoboa. Ndani kikohozi kilikuwa kinapungua, na hilo ndilo lililomtia Mihayo wazimu.

"Sukuma, mama anakufa."

"Nikisukuma biti inavunjika, kaka. Tutaingia na nini?"

Kitasa kikaanguka. Mama akatolewa, akawekewa pampu mdomoni, akakaa kwenye maji ya baraza bila kujali nguo.

Siku chache zikapita za furaha na supu ya kuku. Kisha Kapela akaanza, taratibu kama kawaida yake. "Mama, ulisema atakayenifungulia. Mkono uliofungua ni huu."

"Ulifungua kwa meno?" akauliza Nyamizi. "Bila betri yangu ungekuwa unakikuna tu kitasa."

"Na hiyo betri ungeichomeka wapi?" akasema Mihayo. "Kwenye ile ya machinga? Mngemzika mama na moshi juu."

Bi Kalunde akatafuta njia. "Basi nyumba ni yenu nyote."

"Hukusema watakaonifungulia," Nyamizi akajibu. "Ulisema atakaye. Jirani ni shahidi." Na kweli alisema hivyo, na yeye kurudi nyuma hajui.

Tangu siku hiyo mashine inalala chumbani kwa Mihayo, betri chini ya mto wa Nyamizi, biti mfukoni mwa Kapela. Kwenye sinia hawakutani tena. Mama anapakua sahani tatu, kila moja inaondoka na mtu wake, naye anabaki jikoni na mwiko.

Mmoja mmoja wamemfuata, mwenzake asijue. Kila mmoja ameuliza yale yale: "Mama, nisingekuwapo mimi, ungekuwa hai?"

Kila mmoja mama amemjibu hapana. Mara zote alisema kweli, na kila alipojibu alimwona mtoto anaondoka akiamini nyumba ni yake.

Ijumaa ndugu wa marehemu wanakuja. Bi Kalunde amewaambia atataja jina, moja, mbele yao wote, na likishatoka halirudi.

Haya. Wewe uliyetulia hapo kimya, ungekuwa yeye ungemtaja nani? Na wale wawili uliowaacha, Jumamosi asubuhi ungewapakulia chai kwa uso gani?