Kikapu cha Safari ya Rasini

Mwaka huo mvua ziliwapita kando wanyama wa bara, majani yakakauka hadi mizizi. Basi Sungura, Bi Kobe na Fisi wakafunga safari ya siku moja kwenda rasini, pale nchi inapochomoza baharini, wakaone kama kweli kuna malisho mabichi.

Walichukua kikapu kimoja. Bi Kobe alitia boga la kuchemsha, akiba yake ya mwisho. Sungura akatia njugu.

"Nawe, Fisi?" Sungura akauliza.

"Mimi nimekuja na njaa!" akajibu, akicheka.

Kwenye vilima vya mchanga walifanya kama wafanyavyo wasafiri wa huko: walikifukia kikapu chini ya kichaka, chakula kisichache kwa jua, wakaahidiana kula pamoja wakati wa kurudi. Hawajafika mbali, Fisi akaanza kuchechemea.

"Mwiba, jamani! Tangulieni."

"Fanya upesi, baba, tunakungoja!" Bi Kobe akaita.

Fisi alipowafikia, hakuchechemea tena, na mchanga ulimjaa hadi masikioni. Sungura akamnusa. Mdomo haukunuka boga. Basi hajala, amekifukua kikapu na kukifukia pengine tu. Lakini wapi? Mchanga wote ule!

Rasini palipendeza. Majani yalijaa tele, maji yakidondoka mwambani, na upepo ukitaka kung'oa masikio ya Sungura. Kule chini vilima vilifuka mchanga kama moshi.

"Loo, mchanga unahama!" Sungura akasema. "Kitu kilichofukiwa mahali peupe leo hakionekani tena. Heri kikapu chetu kiko kichakani."

Fisi akakodoa macho. "Hakionekani kabisa?"

"Kabisa, bwana."

Fisi akateremka mbio, Sungura nyuma yake kimyakimya. Akafukua huku na huku, hata akaibuka na kikapu mdomoni. Sungura huyu hapa mbele yake.

"Mguu umepona, ndugu yangu?"

Fisi akakidondosha kikapu mchangani.

"Sasa keti, ukipakate, tumngoje Bi Kobe. Ukionja hata njugu moja, wanyama wote wanaohamia rasini watajua jirani yao ni nani."

Fisi akaketi, mate yakimchuruzika. Bi Kobe alishuka kwa mwendo wake, akisimama kutazama kila ua na kila wimbi.

"Mama, harakisha!" Fisi akalia.

"Naja, baba. Bahari nzuri hii!"

Alipofika, boga likagawanywa. Fisi, aliyekaa na chakula mapajani muda wote, ndiye aliyepewa wa mwisho, naye akapewa maganda. Kama angengoja na wenzake, angekula nyama ya boga.