Barua ya Mtu Aliyekwisha Kuzikwa

Sogeeni karibu. Nina kesi ya kuwatwisha, na anayetaka hadithi ya kuchekesha aende zake sasa hivi.

Huko Upareni walikuwepo wanawake watatu. Mama Mbonea hakujua kusoma, ila akisema hapana, ni hapana. Sajini Hilda alikuwa polisi asiyependa papara. Eliaichi alikuwa mtaalamu wa kompyuta, na ukifuta kitu yeye alikiona.

Mbonea, mwana wa huyo mama, alikufa kwa sumu. Siku ya tano baada ya mazishi, mdogo wake Mrindoko akawapelekea polisi barua, kaichapa kutoka kwenye kompyuta ya marehemu: "Mke wangu Nakunda ananiua polepole." Tarehe yake ilikuwa ya wiki moja kabla ya kifo. Nakunda akatiwa mahabusu na mimba yake ya miezi saba. Kesi ya kuua adhabu yake ni kunyongwa, mnajua.

Mrindoko akarudi kuifuata kompyuta. "Nipe, mama, niisafishe, wanakwaya waitumie." Mama Mbonea akaisukuma chini ya mkeka anaolalia. "Vitu vya marehemu havigawanywi kabla hatujaanua matanga. Na hakuna wa kuiwasha." Mrindoko akabembeleza siku tatu, ya nne akamtolea mama yake maneno mazito. Hakupewa.

Hilda akaja kuichukua. Mkuu wake akamwambia, "Iwashe tuione hiyo barua, tumalize." Akakataa. "Nikiiwasha tu, afande, inaanza kuandika mapya juu ya ya zamani. Mahakamani watatucheka." Akaifunga kwa lakiri, akaandika jina la kila aliyeishika, akanakili diski nzima bila kubadilisha hata herufi. Kwa ukaidi huo alihamishwa kituo.

Eliaichi akaipekua ile nakala siku tisa, macho yamemvimba. Akagundua saa ya kompyuta ilirudishwa nyuma, kisha ikasogezwa mbele, na kompyuta yenyewe iliweka kumbukumbu. Barua iliandikwa siku ya tatu baada ya mazishi, saa nne asubuhi, waombolezaji wakiimba uani. Dakika hiyohiyo ilichomekwa flashi yenye nyimbo za kwaya. Na mwalimu wa kwaya alikuwa nani? Mrindoko. Mimi mwili ulinisisimka niliposikia, siwafichi.

Polisi walipompekua wakakuta sumu, wakamtia pingu. Nakunda akaachiwa na kichanga cha kike alichokizaa mahabusu. Akaapa mbele ya watu: "Mtoto huyu atabeba jina la aliyeniokoa."

Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina ikafika, watu wamejaa. Simu ya Nakunda ikaita. Alikuwa Mrindoko, aliyewatoroka askari juzi yake.

"Shemeji, mtaje huyo aliyeniumbua. Nitaanza na yeye."

Nakunda akawaeleza wale watatu kwa sauti ya chini. Hilda akasema, "Bila mimi ushahidi ungeharibika. Nitaje, bunduki ninayo." Mama Mbonea akasema, "Bila mimi kompyuta isingekuwepo. Na yule nimemzaa mimi, nitaje mimi." Eliaichi, aliyemtambua muuaji, akajisogeza nyuma ya watu.

Watu wanangoja na mtoto analia. Akimtaja anayestahili, huenda anamchimbia kaburi. Akimtaja mwingine, anamdhulumu aliyemwokoa. Kukaa kimya hawezi, alikwisha kuapa.

Haya, wewe uliyekaa hapo: ungelitamka jina la nani?