Kunguru Alivyokwenda Kumtazama Mzazi

Mpo?
— Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, yote mawili.
Basi tegeni moja, la pili lizibeni isivuje, maana ngano hii wengine wanayo vipande vipande. Nzima ninayo mimi.

Hapo kale, uani kwa Bi Mwanamvua, ndege walizaa kwa pamoja. Na Kunguru alikuwepo: mkubwa, mweusi, mlafi. Ila adabu za mlangoni alikuwa nazo.

Akaenda kwa Njiwa. "Hodi, nimekuja kumtazama mzazi."
"Karibu, shemeji."
Kwapu, kinda la kwanza. Kwapu, la pili.

Akaenda kwa Shore. "Hodi, nimekuja kumtazama mzazi."
"Karibu, kaka."
Kwapu, kwapu, kwapu.

Bi Mwanamvua alikuwa kibarazani ananyonyoa kuku. "Huyu kunguru hana huruma hata chembe," akasema, akang'oa bawa.

Siku ya tatu Kunguru akatua kwenye mkomamanga, kwa Bi Chozi. Chozi mnamjua, yule ndege mfyonza maua. Ukimweka kwenye kijiko cha chai, nafasi inabaki. Ndiyo kwanza amezaa, makinda mawili, hata macho hayajafumbuka. Moyo ukamwenda du, du, du. Akimbie, watoto je? Apigane, kwa mdomo ule kama sindano? Akaketi mlangoni, akauziba mlango kwa mgongo.

"Hodi, nimekuja kumtazama mzazi."
"Karibu, mjomba. Lakini mbona umekuja huku?"
"Kwani mzazi si wewe?"
"Ni mimi. Ila hii ni mimba ya kwanza, na mtoto wa mimba ya kwanza hulelewa kwa bibi yake. Au kwenu hakuna mila?"

Kunguru akaona haya. Mlafi mwite mlafi, usimwambie hana mila. "Mila tunazo tele," akasema. "Wamenenepa?"
"Sana. Ile nyumba ya kijivu, chini ya paa la jiko, husikii inavyovuma? Ni wangu na wa dada zangu. Wanapata arobaini."
"Arobaini." Mate yakamdondoka.
"Ila mama masikio yake mazito. Gonga kwa nguvu, kisha ingiza kichwa. Ndivyo jamaa wanavyofanya."

Kunguru akaruka, puru puru puru. Akagonga, ko, ko, ko. Akaingiza kichwa.

Sasa ile haikuwa nyumba ya bibi wa mtu. Ilikuwa ya nyigu.

Vuuu! Mmoja jicho la kulia, mmoja la kushoto, saba wakaupata ulimi. "Mimi jamaa, mimi jamaa," Kunguru akalia. Nyigu hawana jamaa. Akaondoka kichwa kimevimba kama boga, na hata leo ukimsikia anasema kwaa, kwaa, ujue ulimi haujapona.

Chozi akacheka mpaka mkomamanga ukatikisika. Kisha akasikia watoto wake wanalia njaa. Akashuka kwenye majani, akamkuta Buibui amekumbatia mfuko wa mayai.

"Dada, nihurumie," Buibui akasema. "Na mimi ni mzazi."
"Hongera, dada. Uzazi wa kwanza?"
"Wa kwanza."
"Basi unajua uchungu wa mwana," akasema Chozi, akambeba mpaka nyumbani. Watoto wakagawana miguu, minne minne.

Ngano yangu imekaa chini. Ikiwa tamu, nimeitunga mimi. Ikiwa chungu, nilisimuliwa na jirani. Na mafunzo yake ni haya: mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge, na kila mzazi ahurumiwe.

Asiyesadiki akamwulize Buibui.